Mshono wa Mkono wa Kushoto

Kama kuna kitu ambacho Fundi hakuweza kukisamehe, ni mshono uliopinda. Angemsamehe mteja aliyekaa miezi bila kuja kuchukua gauni lake, angemsamehe hata kaka yake aliyemkumbusha kila mara kwamba umri hausimami, lakini mshono uliopinda ulimwasha mwilini. Ndiyo maana Ijumaa ile mchana, alipolitandaza pazia la watoto juu ya meza yake ya kukatia, alijiona kama mgeni aliyekaribishwa kwenye nyumba chafu akaambiwa asiguse ufagio.

Pazia lilikuwa la jukwaa dogo la ukumbi ambako Mwalimu Gundi alifundisha watoto sanaa kila Jumamosi. Gundi halikuwa jina lake. Watoto ndio waliompa, maana tangu wamjue vidole vyake havijapata kuonekana visafi. Aliwapa kila mmoja kipande cha kitambaa na agizo moja tu: weka hapa kitu unachokijua wewe kuliko mtu mwingine yeyote. Mmoja alichora kisogo cha baba yake, anavyokiona akipakiwa nyuma ya baiskeli. Mwingine alibandika vifungo, vijiti na ganda la peremende, kwa sababu ndivyo mfuko wa koti la babu yake ulivyo kwa ndani. Kidoti, binti wa kaka yake Fundi, mtoto wa miaka saba mwenye alama nyeusi shavuni, alichora miguu miwili juu ya pedali ya cherehani. Ilikuwa miguu ya shangazi yake, inavyoonekana ukiwa umejificha chini ya meza.

Walipomaliza kila mtu chake, ndipo ikaja kazi ya pamoja. Vipande viliunganishwa, na kila mshono ulishonwa na watoto wawili, mmoja akianzia juu na mwenzake akianzia chini, mpaka wakutane katikati. Waligombania rangi ya uzi, wakalaumiana nani anavuta sana, na walipokutana hawakukutana sawa. Katikati ya kila mshono palikuwa na uvimbe, pale walipofunga nyuzi zao fundo moja.

Fundi aliyaona yote hayo kwa macho yake. Alianza kwa kumpeleka Kidoti na kumrudisha, halafu akawa anampeleka na kubaki. Kisingizio kilikuwa mtoto. Ukweli ni kwamba alikuwa hachoki kumtazama yule mwanamume akipita kati ya meza huku mikono kaifumbata mgongoni, asije akashikwa na tamaa ya kugusa kazi ya mtoto. Mtoto akimwambia, "Mwalimu, nichoree mguu wa mbuzi," alikuwa anapiga magoti na kuweka viganja sakafuni, na shati lake la pasi, anasema, "Haya, mbuzi huyu hapa. Goti linakunjika wapi?" Watoto wanamzunguka, wanamkagua, wanabishana, kisha kila mmoja anarudi kuchora mbuzi wake. Siku Fundi alipoliona hilo kwa mara ya kwanza, alijua kwamba amekwisha.

Sasa, Ijumaa ile alikuwa ameombwa jambo dogo. Apinde ukingo wa juu wa pazia upate pa kupitisha fimbo. Basi. Alikuwa ndiyo kwanza anatunga uzi sindanoni pale kaka yake alipoingia kumchukua Kidoti.

"Hili nalo ni nini?" Kaka aliuliza.

"Pazia la watoto. Kesho ndiyo maonyesho yao. Wewe na Mama si mmesema mtakuja?"

"Tunakuja kumwona huyo bwana. Mambo ya pazia hatujui." Alinyanyua pembe moja kwa vidole viwili. "Ndiyo kazi yake hii? Na wewe fundi mzima umekaa unaiangalia?"

"Wameshona watoto, Kaka."

"Na yeye anafanya nini, anapiga makofi?"

Kidoti alimvuta baba yake mkono. "Baba, mshono huu ni wangu. Mimi na mwenzangu Pengo tumekutana hapa, unaona?"

"Naona. Mmekutana vibaya." Kaka alicheka, kisha akamgeukia dada yake, akashusha sauti. "Mdogo wangu, sikuchukii. Lakini mtu anashinda na matope na makaratasi, halafu anataka wazazi wake waje wakae sebuleni kwa Mama waseme wametumwa kutafuta mke? Mama kesho akiona haya matambara, jibu lake unalijua. Na mimi sitampinga."

Walipoondoka, Fundi alikaa akashika tama. Jibu la Mama alilijua kweli. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitazama kitu mara moja, akanyanyua pochi yake, na mambo yakawa yameisha. Fundi aliwaza mpenzi wake akisimama kesho mbele ya macho yale, na nyuma yake pazia lililopindapinda. Moyo ulimuuma kwa kumhurumia. Akachukua kisu chake kidogo cha kufumulia, akaanza na mshono mmoja, ule mbaya kuliko yote, aunyooshe tu kidogo. Na ukishanyoosha mmoja, wa pembeni unaonekana umepinda zaidi. Mpaka jua linazama alikuwa amefumua mishono yote ya watoto na kuishona upya kwa cherehani, imenyooka twaa. Alilikunja pazia akiwa amefurahi sana. Hata wimbo aliimba.

Asubuhi yake alimkuta Mwalimu Gundi ukumbini, juu ya ngazi, anafunga kamba. Alipomwona, aliteremka haraka mpaka akaruka kipandio cha mwisho. Hakulitazama pazia kwanza. Alimtazama yeye, tangu kitambaa cha kichwa mpaka viatu, akatabasamu kwa aibu utadhani ndiyo wanajuana leo.

"Umependeza," alisema. "Mama yako akikuona hivyo atasema mimi sina hadhi ya kusimama karibu."

"Nyamaza. Njoo uone."

Wakalishika huku na huku, wakalitandaza sakafuni. Fundi alikuwa anamtazama usoni, anasubiri ile furaha. Mwalimu alitembeza macho mshono kwa mshono, na kadiri alivyokwenda ndivyo tabasamu lilivyokuwa likimtoka. Watoto walikuwa wamekwisha kusogea, wakainama juu ya pazia lao.

Kidoti ndiye aliyepiga magoti, akapitisha kidole juu ya mshono wake, juu mpaka chini, halafu chini mpaka juu.

"Shangazi," alisema, "fundo letu liko wapi?"

"Nimeshona vizuri zaidi, mwanangu. Angalia mshono ulivyonyooka."

"Lakini lilikuwa hapa. Na Pengo leo anaumwa, hakuja. Akiniuliza nitamwambia nini?"

Mwalimu alimshika mtoto bega. "Kidoti, nenda na wenzako mkapange viti." Kisha akamwambia Fundi kwa sauti ya chini, "Njoo mara moja."

Waliingia kwenye chumba cha vifaa, kati ya makopo ya rangi na maboksi matupu. Alirudishia mlango. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi, kwa sababu angefoka angalau naye angepata cha kumjibu.

"Umefumua yote?"

"Yote."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili yako. Mama anakuja, Kaka anakuja. Nilitaka wakiangalia waone kazi ya mtu wa maana."

"Na kama ungeliacha lilivyokuwa, wangeona nini?"

Fundi alitazama makopo.

"Niambie. Wangeona nini?"

"Wangecheka."

"Basi usiseme kwa ajili yangu," alisema Mwalimu. "Umenionea haya."

Neno hilo lilimkata maini. Alitaka kukataa, akafungua mdomo, akakuta hana uongo wa kutosha.

"Wale watoto wamegombana Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka wakajua kukutana," Mwalimu aliendelea. "Sikuwasaidia hata sindano moja, na unajua nilivyokuwa nateseka, ulikuwa unanicheka. Wewe umekaa na cherehani yako jioni moja, umewafuta. Na hukuwauliza. Hata mimi hukuniuliza."

"Nisamehe. Nakupenda, ndiyo maana."

"Najua unanipenda. Na mimi nakupenda, usinifanye nianze kulisema kwa hasira." Alisugua gundi iliyokauka kidoleni. "Lakini mimi mwenyewe nimepinda sehemu nyingi. Navaa hivi, nachekacheka na watoto, kazi yangu haieleweki kwa watu. Nikikuoa, kila ndugu zako wakija, utanifumua kidogo kidogo mpaka ninyooke. Na nitajikuta simo." Alivuta pumzi. "Wazazi wangu niliwaambia wajiandae kuja kwenu. Nitawapigia wasubiri."

"Wasubiri mpaka lini?"

"Sijui."

Akatoka. Fundi alibaki amesimama kati ya makopo, machozi yanamtiririka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na barabara ilikuwa pale pale. Angeweza kwenda nyumbani, akasingizia kichwa. Kupitia dirishani alimwona Mwalimu uani, simu sikioni, ameinamisha kichwa, anaongea taratibu. Hakuhitaji kuambiwa anaongea na nani.

Alijifuta uso kwa upande wa kanga, akapiga moyo konde, akarudi ukumbini. Akaketi sakafuni katikati ya watoto.

"Sikilizeni," alisema. "Nimekosa. Nimefumua kazi yenu bila kuwauliza, kwa sababu niliogopa watu watacheka. Nifanye nini?"

Watoto walitazamana. Hawakuwa wamezoea mtu mzima awaulize swali ambalo hajui jibu lake. Msichana mmoja mwembamba, aliyekuwa mtunza mikasi na hivyo kuitwa Bosi, alikunja mikono.

"Fumua tena," alisema Bosi.

"Yote?"

"Yote. Na sisi tunashona tena."

"Tutawahi?"

"Ukikaa unaongea hatutawahi."

Wakaanza. Mshono wa cherehani ni mgumu kufumua, umekaza, na Fundi alizilaani kimoyomoyo stadi zake zote. Alikata, watoto wakachomoa nyuzi. Kisha wakakaa wawili wawili, mmoja juu, mwenzake chini, na kelele zikarudi. We, unavuta sana. Ngoja na mimi nifike. Huo uzi si tulisema wa kijani? Fundi alitunga sindano moja baada ya nyingine na kuwapa, na kila mkono wake ulipomponyoka kwenda kunyoosha kitu, aliukalia. Sasa ndipo alipojua yule mwanamume hufanya kazi ngumu kiasi gani akipita kati ya meza hajagusa kitu. Alimpenda upya, na kwa uchungu zaidi, maana alimpenda wakati ule ule alipokuwa anamkosa.

Ukabaki mshono mmoja. Kidoti alikuwa upande wake wa chini, anasubiri. Upande wa juu ulikuwa wa Pengo, na Pengo alikuwa kitandani kwao na homa.

"Shangazi ashone pa Pengo," alisema Kidoti.

"Hapana," alisema Bosi. "Mkono wake unajua sana. Utaonekana wa Pengo umenyooka, wetu umepinda."

Lilijadiliwa kwa kirefu. Mwishowe Bosi akatoa hukumu: Anti Fundi ashone, ila kwa mkono wa kushoto.

Fundi alijua kushona tangu akiwa msichana wa shule, na kwa mkono ule wa kushoto hakujua hata sindano inashikwaje. Alijichoma. Uzi ukajifunga mwenyewe mahali asipotaka. Mshono ulikwenda huku ukarudi kule, na watoto walimzunguka wakivunjika mbavu.

"Usivute sana, Shangazi," Kidoti alimwelekeza kwa upole. "Taratibu. Mimi nakuja."

Walikutana katikati, paji la uso kwa paji la uso, wakafunga fundo. Lilikuwa baya sana. Fundi aliliangalia, na kitu kikalegea kifuani mwake, kitu alichokuwa amekikaza miaka mingi bila kujua. Alipoinua macho, Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Hakujua amesimama hapo tangu saa ngapi. Wakatazamana, na Mwalimu ndiye wa kwanza kugeuza macho.

Mchana ukumbi ulijaa wazazi. Mama alikaa safu ya mbele, pochi mapajani, Kaka pembeni yake. Fundi alikaa upande wa pili wa Mama na kumwamkia, akaitikiwa kwa kichwa.

Mwalimu alisema maneno machache, kwamba kazi yote ni ya watoto, akakaa kando. Bosi na mwenzake wakavuta kamba kulifungua pazia. Labda walivuta kwa nguvu, labda halikuhitaji hata nguvu. Ikasikika sauti ya kitambaa kuachana, na pale katikati, kuanzia juu, pakafunuka tundu refu. Ndani ya tundu alionekana mtoto mmoja na taji la karatasi, kidole puani.

Ukumbi wote uliangua kicheko. Kaka alicheka kuliko wote.

"Nani kashona hapo?" aliuliza kwa sauti, na macho yake yalikuwa kwa Mwalimu.

Watu wakamgeukia Mwalimu. Yeye aliinuka taratibu, na Fundi, kwa jinsi alivyomjua, aliona kabisa kwamba anakwenda kujibebesha lawama. Akawahi kusimama.

"Ni mimi," alisema.

Kicheko kikapungua. Nusu ya kina mama waliokuwa pale walikuwa wamevaa nguo alizozishona.

"Ule mshono ni wangu," alisema Fundi. "Jana nilifumua kazi ya watoto kwa sababu niliogopa mtacheka. Leo wamenipa adhabu nishone kwa mkono wa kushoto, nami nimeshona nilivyoweza. Mnaweza kucheka. Mwalimu wao hana kosa lolote. Nikiwa na mtoto siku moja, nataka afundishwe na mtu huyu."

Kidoti alitoa kichwa kwenye tundu. "Upande wangu umeshika," alitangaza. "Uliokatika ni wa Shangazi tu."

Fundi alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, mbele ya watu wote, na ukumbi ukacheka naye. Kisha akapanda jukwaani, akazikutanisha kingo mbili za lile tundu kwa mikono yake, akasimama hivyo maonyesho yote. Watoto walikuja mmoja mmoja kueleza vipande vyao. Baba wa baiskeli alisikia habari za kisogo chake akainama, hakuinuka mpaka mwanawe alipomaliza.

Zamu ya Kidoti ilipofika, alinyoosha kidole kwenye ile miguu.

"Hii ni miguu ya shangazi yangu," alisema. "Mimi ndiye ninayeijua. Ikikanyaga mbiombio, ana hasira na mteja. Ikikanyaga polepole halafu ikasimama, halafu ikakanyaga tena, anamfikiria Mwalimu Gundi."

Fundi hakuwa na pa kuficha uso, mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Kule kando Mwalimu alikuwa amejifunika macho kwa kiganja, na mabega yanamtikisika, haijulikani kwa kicheko au kwa kingine.

Watu walipoanza kutawanyika, Mama aliinuka na pochi yake. Lakini Mama hakuelekea mlangoni. Alimfuata Mwalimu, Kaka nyuma yake.

"Shikamoo, Mama," alisema Mwalimu.

"Marahaba. Huyu binti yangu, tangu utoto wake, hajawahi kukubali kukosea mbele ya watu. Angelia chumbani, lakini mbele ya watu, hapana. Leo amekosea akacheka. Umemfanya nini?"

"Mimi sikumfanya kitu, Mama. Ni watoto."

"Mama," Kaka aliingilia, "tulikubaliana kwamba..."

"Tulikubaliana nije nione. Nimeona." Hakugeuka hata kumtazama. "Mwalimu, wazazi wako wanakuja lini?"

Mwalimu alimtupia Fundi jicho, akaangalia chini. "Asubuhi niliwapigia simu, Mama. Niliwaambia wasubiri kwanza."

"Wasubiri nini?"

Fundi aliona jinsi anavyotafuta maneno ya kumsitiri, hata sasa, hata baada ya yote, naye hakutaka tena kusitiriwa.

"Wasubiri nijue kushona, Mama," alijibu.

Mama aliligeukia pazia. Aliutazama ule mshono uliokatika, nyuzi zinaning'inia, uvimbe katikati, na chini yake nusu ya Kidoti iliyoshika. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote.

"Kwa kazi niliyoiona pale," alisema, "watazeeka wanasubiri. Wapigie tena. Waambie waje wamchukue hivyo hivyo alivyo."

Mwalimu alitoa simu mfukoni. Hakubonyeza. Alimsogelea Fundi mpaka akasimama mbele yake kabisa, mbele ya Mama, Kaka na watoto waliokuwa wanajifanya wanapanga viti.

"Nipige?" alimuuliza yeye, kwa sauti ya kusikika na wawili tu.

"Piga," alisema Fundi.